Kisukuku Bila Anwani ni Pambo Tu: Somo la Nyangumi wa Turkana

Tangu nianze kuweka video za kupiga mbizi huku Pwani, swali ninaloletewa kuliko yote si "hii ni nini?" Ni "hii inauzwa ngapi?" Mtu ameokota jino jeusi, au kombe lililogeuka jiwe, anapiga picha juu ya kitanda na kunitumia. Hakuna mahali, hakuna tarehe, hakuna hata sarafu pembeni ya kuonyesha ukubwa. Ni jiwe na shuka tu.

Leo nataka kulijibu hilo swali kwa njia ndefu kidogo, kupitia historia. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane: kisukuku ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi kimekufa mara ya pili. Kinaweza kupendeza kwenye kabati, lakini hakitakwambia kitu tena. Na shahidi wangu mkubwa, amini usiamini, hakutoka baharini. Alitoka Turkana.

Nyangumi wa jangwani

Mwaka 1964, Mmarekani mmoja kijana kwa jina James Mead, bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa Loperot, kule Turkana, akitafuta mifupa ya zamani. Akapata sehemu ya mbele ya fuvu, mifupa ya taya la juu. Haikuwa ya ngamia, haikuwa ya kiboko. Ilikuwa ya nyangumi.

Sasa tulia hapo kidogo. Kutoka pale hadi Bahari ya Hindi ni kilomita 740. Mahali penyewe pako mita 620 juu ya usawa wa bahari. Ni jua, mchanga na miiba. Na huyu si nyangumi wa aina yoyote tu. Ni wa ile familia yenye mdomo uliochongoka, jamaa ambao hata leo ndio mabingwa wa kupiga mbizi kati ya mamalia wote. Mmoja wao, nyangumi wa Cuvier, amepimwa akishuka karibu mita 3,000. Sisi wenye mitungi ya hewa tukifika mita 30 tunajipigia makofi.

Mnyama wa vilindi alifikaje Turkana? Jibu ni mto. Miaka milioni 17 iliyopita, mto mkubwa ulikuwa ukitiririka kutoka huko ndani hadi Bahari ya Hindi, na nyangumi huyu akapotea njia, akapanda mto mpaka akakwama. Ukiona ni hadithi ya kutunga, kumbuka Januari 2006, nyangumi wa familia hiyo hiyo alipoingia mto Thames na kuogelea hadi katikati ya London, watu wakisimama darajani kumpiga picha. Alikufa wakati wakijaribu kumrudisha baharini. Kupotea njia ni tabia ya zamani sana.

Mead aliandika mahali alipokipata, akakifunga kisukuku kwa plasta, na mwaka 1975 akachapisha maelezo yake katika jarida la kisayansi. Mpaka hapo kila kitu kilienda sawa.

Halafu kikapotea.

Hakikuibwa, hakikuvunjika. Kilipotea kwenye ghala, vile risiti hupotea kwenye droo. Mtaalamu mwingine Mmarekani, Louis Jacobs, ambaye wakati mmoja alikuwa mkuu wa kitengo cha visukuku katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, alikitafuta kwa takriban miaka 30. Alikuja kukipata mwaka 2011. Kilikuwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Akakirudisha Nairobi.

Mwaka 2015 Jacobs na wenzake wakachapisha utafiti uliofanya kipande hicho cha mfupa kuwa maarufu. Na hapa ndipo naomba usome polepole, maana hoja yangu yote iko hapa.

Nyangumi hapandi maporomoko ya maji. Kwa hivyo ule mto lazima uliteremka taratibu sana, na ardhi ya Loperot wakati huo lazima ilikuwa karibu na usawa wa bahari. Watafiti walikadiria kati ya mita 24 na 37 tu. Leo ni mita 620. Toa moja kwa nyingine: ardhi imeinuka kwa karibu mita 590 tangu nyangumi yule afe. Na kwa sababu umri wa miamba ya pale unajulikana, waliweza kusema kuinuka kwa Afrika Mashariki kulianza lini: kati ya miaka milioni 17 na milioni 13 hivi iliyopita.

Kuinuka huko ndiko kulikobadilisha mvua. Nchi ikakauka polepole, misitu ikaachia nafasi nyasi, na wanasayansi wengi wanayahusisha mabadiliko hayo na safari ya viumbe wa jamii yetu kuja kutembea kwa miguu miwili. Yaani taya la nyangumi limetusaidia kuelewa kwa nini Turkana ni Turkana, na pengine kwa nini sisi ni sisi.

Sasa niulize: ni kitu gani katika mfupa ule kilichotoa majibu hayo? Umbo lake lilitoa jina la familia, basi. Majibu mengine yote yalitoka kwenye anwani: Loperot, kwenye tabaka fulani la mwamba, kilomita kadhaa kutoka baharini. Futa hiyo anwani na unabaki na taya kuukuu la nyangumi, ambalo halina ajabu yoyote. Wangeliweka kando ya mataya mengine ya nyangumi yaliyotoka fuo za dunia nzima, na mtu asingelitazama mara mbili. Kilichookoa hadithi si kwamba mfupa ulipatikana tena. Ni kwamba Mead aliandika.

Meno yaliyodaiwa kudondoka kutoka mbinguni

Nirudi kwenye meno, manake ndiyo yanayotumwa sana kwenye simu yangu.

Kwa karne nyingi Wazungu waliokota mawe ya pembe tatu, yenye ncha na makali, wakayaita mawe-ndimi. Wengine walisema yanadondoka kutoka mbinguni. Wengine waliyavaa kama hirizi ya kuzuia sumu. Mwaka 1666, wavuvi karibu na Livorno, Italia, walimvua papa mkubwa, na kichwa chake kikapelekwa Florence kwa daktari mmoja kutoka Denmark, Nicolas Steno, akipasue. Steno alitazama mdomo wa papa, akatazama mawe-ndimi, akaona ni kitu kimoja. Hakuwa wa kwanza. Fabio Colonna alikuwa ameshalisema hilo mwaka 1616. Lakini Steno alienda hatua moja mbele. Alijiuliza: kama haya ni meno ya papa, yaliingiaje ndani ya miamba mlimani? Kujibu swali hilo kulimpeleka kwenye wazo kwamba miamba hujengeka tabaka juu ya tabaka, la chini likiwa ndilo la kale zaidi. Hiyo ndiyo moja ya nguzo za jiolojia mpaka leo. Tena unaona? Jino lenyewe halikutosha. Swali lenye faida lilikuwa "lilifikaje hapa?"

Ukitaka kuona kinachotokea pale jino linapokosa tabaka, soma safari ya meli ya Uingereza, HMS Challenger, iliyozunguka dunia kati ya 1872 na 1876. Nyavu zake zilileta juu meno ya megalodoni kutoka sakafu ya Pasifiki, yakiwa yamefunikwa na gamba jeusi la manganizi. Yalikuwa yamelala tu chini, hayakuwa ndani ya mwamba wenye umri unaojulikana. Mwaka 1959 mtafiti mmoja akajaribu kukadiria umri wake kwa unene wa lile gamba, akatangaza kwamba baadhi yana miaka kama 11,000 tu. Hesabu ile baadaye ilionekana haina msingi, kwa sababu manganizi hujijenga polepole mno na kwa kasi isiyolingana mahali pote. Visukuku vilivyotoka kwenye matabaka yenye umri unaojulikana vinaonyesha megalodoni alitoweka kama miaka milioni 3.6 iliyopita.

Lakini uvumi ukishatoka haurudi ndani. Mwaka 2013 Discovery Channel ilirusha filamu ya kuigiza, ikiwa imevishwa nguo za ukweli, ikidai megalodoni bado yuko hai. Mpaka leo vipande vya aina hiyo vinazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, na watu wazima wananiuliza kama ni salama kuogelea Diani. Ni salama, jamaa. Ogopa mkondo wa maji na boti.

Mbona wapiga mbizi wa Carolina wanaweza?

Huko South Carolina, Marekani, kuna mito yenye maji meusi kama chai ya rangi. Mito hiyo inakata matabaka ya zamani ya bahari na kumwaga meno ya papa kwenye sakafu yake. Watu hupiga mbizi humo na tochi, wakipapasa kwenye kokoto. Ni wapenzi wa kawaida tu, mafundi, walimu, wastaafu.

Jimbo lingeweza kuwapiga marufuku wote. Lingeweza pia kuwaachia tu. Badala yake, sheria yao ya mambo ya kale ya chini ya maji ya mwaka 1991 ina leseni ya mpiga mbizi wa kujifurahisha. Unalipia, unaruhusiwa kuokota vitu vilivyo wazi bila kuchimba, lakini lazima utoe ripoti ya ulichopata na mahali ulipokipata. Kwa maneno mengine: jino beba, anwani tuachie.

Sisemi tunakili kila kitu cha Wamarekani. Nasema tu kwamba mtu wa kawaida akipewa njia rahisi ya kusema alichokiona, atasema.

Na huku kwetu?

Wengi hawajui kwamba Pwani yetu yenyewe ni kisukuku. Ile miamba mikali inayokukata miguu Kilifi, Tiwi na Watamu ni matumbawe yaliyoishi miaka takriban 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Ukikaribia utaona umbo la matumbawe na makombe yamekaa vile vile yalivyokuwa hai. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, imesimama juu ya mwamba huo na imejengwa kwa mawe yake. Gede pia. Haller Park kule Bamburi ilikuwa machimbo ya mwamba huo huo kwa ajili ya saruji. Tumelala ndani ya visukuku, tumechomea chokaa visukuku, na bado tunafikiri visukuku ni vitu vya Turkana tu.

Na ndani zaidi ya hapo, nyuma ya Mombasa, kuna miamba ya bahari ya enzi ya Jurasiki yenye amonaiti, wale viumbe wenye gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo. Karne ya 19 tayari amonaiti za Mombasa zilikuwa zimefika Berlin na kuandikiwa makala. Uliza mwanafunzi wa shule ya upili hapa Mombasa kama amewahi kuambiwa hilo.

Sheria tunayo. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inasema ukigundua kitu cha kale cha aina hii, utoe taarifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa na jinsi ulivyokipata. Ona sheria inataka nini kwanza: mahali. Ujuzi wa chini ya maji pia tunao. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ilichunguzwa na wapiga mbizi kuanzia 1977 hadi 1980. Vitu vilivyotolewa vikatibiwa chumvi, vingine unaviona mle ndani ya ngome, na mbao za meli zikaachwa chini pale pale baada ya kupimwa. Kwa hivyo mtu asiniambie hatuwezi.

Tatizo ni katikati, kati ya sheria na mvuvi. Mzee wa Shimoni akivuta wavu ukiwa na mfupa mzito wa ajabu, siku 7 zinamsaidia nini kama hajui aende wapi, na anaogopa akienda ataulizwa kwa nini anao? Anayejua pa kumpata ni mnunuzi. Mnunuzi ana simu, ana pesa mkononi, na hana maswali. Mimi simlaumu mzee. Ukimwambia mwenye njaa "hii ni turathi ya taifa" na huna kingine cha kumpa, umempa hotuba tu.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji mfadhili. Kila bandari ndogo ya wavuvi ina kikundi cha usimamizi wa ufuo, wale tunaowaita BMU. Wana ofisi, wana daftari, wanaandika samaki kila siku. Waongezewe ukurasa mmoja: nini, wapi, kina gani, nani, lini, picha. Makumbusho wawe na nambari moja ya kupokea picha hizo. Na aliyepata atajwe jina kwenye kibandiko. Jina la Mead linakumbukwa miaka 60 baadaye. Hata la mzee wa Shimoni linaweza.

Ukikutana nacho leo

Wakati tunasubiri hayo, haya ndiyo ninayowaambia wanaopiga mbizi nami.

Kwanza, ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, ambazo zipo tangu 1968, usiokote kitu. Piga picha, ondoka.

Pili, mahali pengine popote, picha kabla ya mkono. Weka kisu au saa pembeni kuonyesha ukubwa. Piga ya karibu, kisha ya mbali inayoonyesha mwamba au mchanga unaozunguka. Andika kina. Ukifika juu, chukua GPS kwenye boti kabla hamjasogea. Kama kimeshikana na mwamba, usikibandue. Tabaka ndilo lenye majibu.

Tatu, usikimbilie kukipa jina. Rangi nyeusi haisemi umri. Inasema madini ya mashapo yaliyokifunika. Kwa meno ya papa, tazama makali na mzizi. Papa mweupe wa leo ana meno ya msumeno mkubwa kidogo na jino lake huwa la sentimita 6 hivi kwa wakubwa. La megalodoni lina msumeno mdogo mdogo uliolingana, mara nyingi lina mkanda mweusi kati ya jino na mzizi, na makubwa kabisa hupita sentimita 17. Na usishangae kwamba ni meno kila mara: mifupa ya papa ni gegedu, inaoza, lakini meno anayaangusha kwa maelfu maisha yake yote.

Nne, kama mfupa umeshatoka majini, kwa mfano umeingia kwenye wavu, usiuanike juani. Chumvi iliyo ndani ikikauka inageuka fuwele na kuupasua kutoka ndani. Uweke kwenye ndoo ya maji ya bahari, kisha siku baada ya siku punguza chumvi kwa kuongeza maji baridi ya kawaida, ubadilishe maji kwa wiki kadhaa, halafu ukauke taratibu kivulini. Usitumie siki, itaula. Usipake vanishi. Na usisugue kwa brashi ya waya ili ung'ae kwa ajili ya kamera. Wenzangu wa video, hapo nawaongelea nyinyi.

Tano, ndani ya siku 7, peleka taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa. Fort Jesus, Gede, Malindi, Lamu, popote ulipo karibu.

Kwa hivyo, kwa wote mliouliza "inauzwa ngapi", jibu langu ni swali: uliipata wapi? Ukiweza kunijibu hilo kwa usahihi, huenda umeshika kitu ambacho hakuna mnunuzi atakayeweza kukilipia. Ukishindwa, basi ni jiwe zuri. Weka juu ya runinga.